Fimbo ya Kindi ya Velma

Asubuhi ile Velma aliamka kwanza, kama siku zote. Enoch alisikia mlango wa jiko la chuma ukilia, akasikia kuni zikitiwa, akajifunika tena. Mwezi wa nane ulikuwa unaisha, na ziwa lilikuwa limeanza kufuka ukungu alfajiri.

"Amka, mzee. Kindi hawatajibabua wenyewe."

"Nimeamka."

"Macho hayo yamefumba."

"Nimeamka kwa ndani."

Velma alicheka kwa pua, akatoka. Alikaa kwenye kigogo mbele ya mlango, kindi sita wa mashimo miguuni, akawa anawababua manyoya mmoja mmoja juu ya moto. Harufu ya nywele zilizoungua ikaingia mpaka kitandani. Enoch alitoka na soksi mkononi.

"Peleka hizo mbali," Velma akasema. "Zinaharibu harufu ya kindi."

Wakala kindi wawili na mkate wa kikaango, wakanywa chai. Hawakusema mengi. Walikuwa wameoana miaka arobaini na mitatu, mengi walikuwa wameshayasema. Enoch akateremka ziwani kushona wavu wake.

Aliporudi adhuhuri moto ulikuwa umezimika. Velma alikuwa bado amekaa kwenye kigogo, kindi wa mwisho mapajani, mdomo umeenda upande. Gari la wagonjwa lilimpeleka hospitali ya mji wa Whitehorse, kaskazini mwa Kanada. Siku tatu Enoch alikaa kando ya kitanda akingoja akaripiwe. Hakukaripiwa. Siku ya nne akarudi nyumbani bila yeye, kwenye pikapu ya shemeji yake Percy, wala hakuna aliyewasha redio.

Velma alikuwa mtu wa ukoo wa Mbwamwitu, Enoch mtu wa ukoo wa Kunguru. Ndivyo watu wa huko wanavyooana, na ndivyo wanavyozikana. Akifa mtu wa Mbwamwitu, Kunguru ndio wanaochimba, ndio wanaopika, ndio wanaojenga uzio wa kaburi. Mbwamwitu wanakaa na kilio chao, na mwaka ukitimia wanasimamisha jiwe na kuwashukuru waliowazikia. Kabla ya siku ya jiwe, vitu vya marehemu lazima viwe vimeondoka nyumbani. Vile vya kawaida wanapewa waliochimba. Vile alivyovishika mwenyewe kila siku vinatiwa motoni, ili avipate huko aliko. Ukimbakizia kimoja ndani, anageuka-geuka njiani, hafiki.

Enoch alijua hayo yote. Alikuwa ameshazika watu wengi.

Kwa hiyo lilichomwa koti la Velma, likachomwa kopo lake la sindano, na viatu vyake vya mpira vikatoa moshi mweusi uliowafanya wote wasogee. Percy, mdogo wake Velma, ndiye aliyesimamia. Akahesabu kwa vidole, akamgeukia Enoch.

"Shemeji, fimbo yake ya kindi iko wapi?"

"Imevunjika."

"Lini?"

"Zamani."

"Zamani gani? Wiki iliyopita nimemwona nayo."

"Basi zamani ya wiki iliyopita."

Percy alimtazama kitambo. Kisha akacheka, akamgonga bega, akaenda kwenye gari. Huko, shemeji na shemeji hutaniana mpaka makaburini, na utani una mipaka yake. Akikujibu hivyo, humfuati chumbani kwenda kukagua.

Fimbo ilikuwa chini ya godoro, upande wa Velma.

*

Velma alizaliwa hemani, kwenye kambi ya samaki, mwaka ambao hakuna aliyeuandika. Mama yake alikufa mapema, akalelewa na bibi. Watu wa serikali walipoanza kupita kuchukua watoto kwa nguvu kuwapeleka shule ya bweni, bibi alimbeba Velma na mbwa wawili akapanda naye mlimani, kwenye kambi ya kindi, juu kule kusikoota mti. Walikaa huko mpaka theluji ya kwanza. Mwaka uliofuata vivyo hivyo. Wenzake waliporudi kutoka shule walijua kusoma na hawakujua kuzungumza na bibi zao. Velma hakujua kusoma. Alijua kila shimo la kindi kati ya vilele viwili, na alijua kutega kitanzi kwa mkono mmoja huku anakula.

Yeye na Enoch walipata watoto wawili. Mmoja alizama ziwani akiwa na miaka tisa. Mwingine yuko mji wa mbali, Edmonton, anapiga simu.

Fimbo aliipata miaka thelathini na mmoja kabla ya kufa. Walikuwa wamepanda kuwinda kondoo-mwitu, Enoch na bunduki yake, Velma na vitanzi vyake. Upande wa kaskazini wa kilele kimoja kulikuwa na kiraka cha barafu kisichoyeyuka kiangazi, kikubwa kama uwanja wa mpira. Wakafika ukingoni wamechoka. Enoch alitaka chai. Kule juu kuni ni shida. Unabeba matawi kutoka bondeni au unakunywa maji baridi. Siku hiyo alikuwa amesahau kubeba.

Akaona vijiti vitatu vimelala kwenye tope mbele ya barafu, vya kijivu, vimenyooka. Akavishukuru. Akavunja cha kwanza gotini, akavunja cha pili. Akashika cha tatu.

"Hicho acha," Velma akasema.

"Chai haitachemka."

"Kunywa vuguvugu. Hicho kimenyooka, nina kazi nacho."

Kisha akainua pua kama mbwa. "Unasikia? Pananuka kulungu."

Enoch hakusikia kitu. Kulungu wa theluji walikuwa wamepotea milima ile tangu bibi yake Velma alipokuwa mama kijana. Alimwambia ni soksi zake. Wakanywa chai vuguvugu, wakashuka, na fimbo ikashuka nao.

Tangu siku hiyo haikukaa mbali na mkono wake. Ilikuwa na urefu wa kama hatua moja ya mwanamume, nyembamba kuliko kidole gumba, imevunjika upande mmoja. Aliipaka mafuta ya dubu ikawa nyekundu-nyeusi. Aliichokolea mashimo, aliining'inizia kindi akawabeba begani, aliwafukuzia mbwa, alimnyooshea Percy akimgombeza. Upande usiovunjika, kwenye kitako chake, palikuwa na kishimo kidogo, kama mtu amebonyeza kwa ncha ya kisu na kuzungusha. Velma akikaa bila kazi, ukucha wa kidole gumba chake ulikuwa ndani ya kishimo hicho unazunguka. Enoch alidhani ni tundu la funza wa mti.

*

Miaka miwili kabla ya kifo cha Velma, wakati wa kiangazi, ndipo walipokuja wataalamu wa mambo ya kale. Barafu za milimani zilikuwa zinayeyuka kuliko watu walivyozoea, na mwindaji mmoja alikuwa ameokota kitu. Darlene, binti wa mdogo mwingine wa Velma, wa kike, alifanya kazi ofisi ya urithi ya watu wao. Akaomba wazee wapandishwe kwa helikopta waone.

Enoch alikataa kupanda kitu kisicho na mabawa. Velma alipanda. Alirudi jioni, akakaa kwenye kigogo, hakuvua hata koti.

"Wameona nini?" Enoch akamuuliza.

"Mavi."

"Mavi?"

"Mavi ya kulungu, tabaka juu ya tabaka, ndani ya barafu. Walikuwa wanapanda pale kukimbia nzi. Nilikwambia pananuka."

"Wamekuja na helikopta kuangalia mavi."

"Na mikuki." Akanyoosha kidole kimoja. "Myembamba. Wameilaza kwenye kitambaa. Ina uzi wa mshipa wa mnyama bado, na rangi nyekundu. Wanasema ni ya watu wetu, kabla upinde haujafika nchi hii. Hawakuirusha kwa mkono mtupu. Mtu alikuwa na kibao kifupi chenye kikulabu mwishoni. Kikulabu kinaingia kwenye kitako cha mkuki, unapunga kibao kwa nguvu, mkuki unaenda. Kama umeongezewa mkono mwingine."

"Wanajuaje? Wamekiona hicho kibao?"

"Wanajua kwa kitako. Kina kishimo."

Wote wawili wakatazama fimbo. Ilikuwa imeegemezwa ukutani, na kindi mmoja bado ananing'inia.

Huko, msichana anafundishwa mapema: silaha ya mwindaji hushiki, huruki, hupiti juu yake. Ukifanya hivyo wanyama wanajua, wanakwepa. Velma alikuwa ameshika silaha ya mtu miaka ishirini na tisa. Ameiruka kila asubuhi ikiwa imelala mlangoni. Amechokolea mbwa.

Enoch aliona uso wake umebadilika, akatafuta la kumpoza.

"Mimi nimechoma mbili," akasema. "Kwa chai."

Velma alianza kucheka polepole, kisha akashindwa kujizuia, akalaza kichwa magotini. Kindi akaanguka.

Kesho yake alipeleka habari mwenyewe kwa Darlene, na habari haikukaa siku mbili. Percy alikuja mbio.

"Shemeji! Nilikuwa najiuliza miaka yote hii kwa nini kondoo wanakukimbia. Kumbe dada yangu alikuwa anaruka mkuki!"

"Na wewe wanakukimbia kwa nini?"

"Mimi wananikimbia kwa harufu. Wewe umerogwa na mkeo."

Wataalamu walipotengeneza mfano wa kibao na mikuki kwa ajili ya kufundisha vijana kambini, Percy alijitokeza wa kwanza. Akasema kitu kiko kwenye damu, hakifundishwi. Akarusha. Mkuki ukaenda kando, ukapita juu ya marobota ya nyasi yaliyowekwa kuwa shabaha, ukaingia kwenye hema la jikoni, ukachoma gunia la unga. Velma alikuwa humo ndani. Akatoka mweupe kichwa hadi kifua.

"Kwenye damu ya nani?" akauliza.

Wale wataalamu walitaka kuiona fimbo. Waliiona, wakaipima, wakaipiga picha, wakaifuta mafuta kidogo na pamba chini ya kishimo, rangi nyekundu ikaonekana. Mmoja alikuwa na machozi. Wakamwomba Velma waitunze. Akasema bado ana kindi wa kubeba. Hawakumlazimisha. Alikuwa ameibeba miaka thelathini kasoro, angeibeba zaidi.

Ila baada ya hapo hakuiruka tena. Aliilaza juu, kwenye misumari miwili, juu ya kitanda.

*

Baridi ya baada ya kifo chake ilikuwa ndefu. Enoch hakujua siku, maana Velma ndiye aliyekuwa anachana kalenda. Ukurasa wa mwezi wa nane ukabaki ukutani mpaka mwezi wa tatu. Asubuhi akisikia jiko likilia kwa baridi alisema "nimeamka," kisha akakumbuka, akaenda kuwasha mwenyewe. Aliunguza kindi. Alikaanga mkate ukawa jiwe, akaula. Alilala upande wake wa kitanda na hakuuvuka.

Usiku mwingine alitia mkono chini ya godoro, akaigusa. Alijaribu kutia ukucha wa gumba lake kwenye kishimo. Haukuingia. Kishimo kile kilikuwa kimelainishwa na ukucha mdogo kuliko wake.

Watu walipita. Walileta nyama kavu, wakakata kuni, wakasema mambo ya barabara. Darlene alikuja mara nne. Alikaa, akanywa chai, akaangalia misumari miwili mitupu juu ya kitanda, akaongea habari nyingine.

Mwezi wa sita Percy alikuja kusema Mbwamwitu wamekubaliana. Jiwe litasimama mwezi wa tisa, Jumamosi ya kwanza.

"Wanakuja watu mia mbili," akasema. "Kila kitu kiwe tayari, shemeji. Unanielewa. Mimi sitaki kusimama mbele ya watu mia mbili niseme dada yangu amefika, na hajafika."

Hakutania siku hiyo.

Enoch alilifikiria kiangazi kizima, wavu mkononi. Akiichoma, atakuwa amechoma ya tatu, na hii anajua ni nini. Halafu si ya Velma hasa. Velma aliazima. Ina mwenyewe, mtu mzima aliyeitengeneza, akaipaka rangi, akaipoteza kwenye theluji. Unachomaje mali ya mtu kwenye moto wa mtu mwingine? Na asipoichoma, akaendelea kuilalia, Velma yuko wapi saa hizi? Amesimama njiani kwenye baridi, anatazama nyuma, kwa sababu ya mume asiyeachia.

Mwishowe akaona njia. Atairudisha ilikotoka. Barafu ilimtunzia mwenyewe miaka yote, iendelee.

Mwishoni mwa mwezi wa nane akamwomba Percy ampeleke na pikipiki yake ya magurudumu manne mpaka njia inapoishia. Alikuwa amebeba mfuko wa matawi makavu mgongoni, na kitu kirefu amekifunga kwa turubai.

"Hicho nini?" Percy akauliza.

"Cha kutembelea."

"Mbona hutembelei?"

"Natembelea kupanda. Hapa sijapanda."

Percy akazima injini, akakaa juu ya jiwe, akatoa mkate wake. "Nenda. Ukifa huko juu nitasema uliliwa na kindi."

Ilimchukua saa tano. Zamani zilikuwa mbili. Alipumzika kila jiwe Velma alipopumzikia, na penye shimo alichungulia. Kindi walimpigia mlio, wakaingia ndani.

Alipopita bega la kilele akasimama. Alidhani amekosea mlima.

Barafu haikuwepo. Palikuwa na ngozi tu ya barafu imebaki, chafu, ndefu kama mitumbwi mitatu, inadondoka maji. Kuizunguka pote palikuwa peusi. Mavi ya kulungu, maelfu ya wanyama wasiokuwepo, yanakauka juani. Sasa hata yeye alinusa.

Alifungua turubai. Akatafuta palipo pagumu, akaisukuma fimbo kwenye barafu. Haikuingia. Akachimba kwa kisu, akailaza kwenye mfereji, akafunika. Maji yakapita chini yake, yakaiteremsha, ikatokea ukingoni, imelala kwenye tope kama siku ile ya chai. Akarudia. Ikarudi. Mara ya tatu aliishikilia kwa mikono miwili mpaka vidole vikafa ganzi.

Basi akafikiria kuiacha chini ya jiwe. Alipoinama kutafuta jiwe ndipo alipoona kijiti kingine, hatua chache pembeni. Kilikuwa kimetoka kwenye barafu pengine mwaka jana. Akakigusa. Kikavunjika kama majivu, kikabaki unga mweupe kwenye ncha za vidole vyake, na upepo ukauchukua.

Enoch alikaa chini. Alichemsha chai kwa matawi aliyopanda nayo. Ilichemka vizuri. Akainywa akiwa peke yake mlimani, akatazama mabonde ambayo Velma aliyajua kwa majina ya mashimo yake, na hakuna mtu mwingine aliye hai anayeyajua. Kisha akaifuta fimbo kwa shati lake, akaifunga tena.

Percy alikuwa amelala juu ya jiwe. Akafungua jicho moja, akaona turubai.

"Hukuirudisha."

"Nini?"

"Ile iliyovunjika zamani."

Enoch akakaa kando yake. "Hakuna pa kuirudishia. Barafu imekwisha."

Percy akaketi wima. Alikuwa amewahi kuteleza juu ya barafu ile kwa makalio, akiwa kijana, Velma akimpigia kelele.

"Imekwisha yote?"

"Kesho-kutwa yote."

"Sasa?"

"Nipeleke kwa Darlene."

"Si moto?"

"Si yake Velma, shemeji. Wala si yangu. Mimi nilichotakiwa ni kuiachia, si kuiunguza. Nikiiachia, atafika?"

Percy alitazama mikono yake. "Ukiiachia kweli," akasema, "atafika." Akawasha injini. Kisha akageuza kichwa. "Ila ukija kuniambia mwezi ujao unaidai, nitakurushia ule mkuki wa kambini."

"Basi niko salama. Nitakaa mbele ya shabaha."

Ofisi ya Darlene ilikuwa karibu kufungwa. Alipowaona wawili mlangoni, wamejaa tope, akanyanyuka. Hakuuliza. Alinawa mikono, akatandika karatasi nyeupe mezani, akarudi nyuma.

Enoch alifungua turubai, akailaza fimbo. Mkono wake ukabaki juu yake. Percy akatazama dirishani. Kisha Enoch akautoa mkono, akauweka mfukoni, haukujua pa kukaa, akautoa tena.

"Keti, baba mkubwa," Darlene akasema. Alikuwa amefungua droo na kutoa daftari. "Mwezi wa tano wa mwaka jana, kabla hajafariki, mama mkubwa alikuja hapa peke yake kutazama ile mikuki mingine. Aliniambia neno. Akaniambia niliandike kama alivyosema, nisiongeze."

"Mimi sisomi."

"Najua. Nikusomee?"

Enoch akaketi. Akaitikia kwa kichwa.

Darlene alifunua ukurasa, akafuata mstari kwa kidole, akasoma:

"Nikitangulia mimi, Enoch ataificha. Msimwombe. Ataileta mwenyewe akichoka, na siku akiileta usimuulize ilikuwa wapi. Mpe chai, tia sukari vijiko vitatu, atasema hataki, wewe tia tu."